Gari Bovu Uani, Daftari Mezani

Asubuhi ya Jumamosi moja, kiangazi cha mwaka juzi, alifika nyumbani kwetu Kanoni kijana mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja kwa pikipiki, mizani ikining'inia begani. Baada ya kuamkiana alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, baina ya mibuni na migomba, akasimama mbele ya banda ambalo marehemu baba alilijenga kwa ajili ya gari lake. Akaligonga boneti kwa vifundo vya vidole, akasikiliza mlio, kisha akanitajia bei ya kilo moja. Hakuuliza gari hilo lilikuwa la nani wala liliwahi kufika wapi.

Mke wangu alinitazama. Watoto walinitazama. Nami nikajibu upesi, "Haliuzwi," kabla sijatambua kama nasema kwa busara au kwa uchungu tu.

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo hilo, yaani gari la zamani lililolala uani, na mtu aliyeingiwa na hamu ya kulifufua kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, katika saa zake za mapumziko. Najua wenzangu wa namna hiyo ni wengi, kuanzia huku Karagwe na Kyerwa hadi Moshi na Dar es Salaam. Najua pia kwamba jambo hili aghalabu halileti furaha sawa kwa kila mtu nyumbani. Mume huliita burudani, mke huliona kuwa tundu la kuvujishia fedha, na kila mmoja ana haki kwa upande wake.

Kwanza nilieleze gari lenyewe. Ni Peugeot 404, ambayo baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa fedha ya kahawa, wakati mkoa wetu ulipokuwa bado ukiitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979. Kwa gari hilo wagonjwa walipelekwa hospitali, maharusi wawili watatu walisindikizwa, na magunia ya kahawa yalipanda na kushuka vilima vyetu katika vumbi jekundu. Petroli ilipoadimika miaka ya mwanzo ya 1980, gari lilianza kukaa bandani majuma mazima. Mwaka 1989 lilisimama kabisa.

Msomaji kijana ataniuliza, "Mzee, kuna faida gani kufufua gari la namna hiyo? Lingekuwa la spoti, sawa." Naam, kwa sura 404 si gari la spoti. Ni gari la familia, lenye milango minne na buti la kutosha mikungu ya ndizi. Lakini na akumbuke mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa barabara zilezile za matope na mawe tuzijuazo. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7 tu, na la kwanza kati ya hayo saba lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na tena 1967 ushindi ulikuja Tanzania, kwani Bert Shankland, aliyekuwa akiishi nchini kwetu, na mwenzake Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo kwa 404. Mwaka 1968 Nowicki na Cliff walirudia ushindi wao, na safari hiyo magari yaliyoanza yalikuwa 93, yakamaliza tena 7. Magari ya spoti ya kweli yalikuja kupata sifa baadaye, kama vile Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973.

Tena upo mfano mwingine, ambao kwa anayefufua gari ni mtamu zaidi. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Lilikuwa gari lililokwisha kuteseka katika Safari ya mwaka uliotangulia. Watu walilihesabu kuwa limekwisha, yeye akalifungua, akalitengeneza upya, akawaacha nyuma wenye magari mapya. Na tangu mwaka 2003 yako mashindano maalumu ya Safari kwa magari ya zamani, ambayo huwavuta watu kutoka nchi za mbali kuja kuyaendesha magari ya rika la lile la baba katika vumbi la Afrika Mashariki.

Nilipokuwa nikiyawaza hayo, ndugu msomaji, kichwa kilinivimba. Na kichwa kilichovimba hakishiki spana vizuri.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Kwa siku mbili tu nilikwisha kulivua gari karibu kila kitu. Nilitoa viti, milango, rejeta, kabureta na kichwa cha injini. Nati na bolti zote nilizitia katika debe moja. Jirani mmoja, dereva wa zamani wa malori, alikuja akalitazama lile debe, akatikisa kichwa. "Mwalimu," aliniambia, "umechinja ng'ombe bila kujua nyama utaipeleka wapi."

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, nami ninalikiri hapa si kwa kujifurahisha, bali kwa sababu nahisi yuko msomaji atakayejitambua humu. Nyumbani kwetu tulikuwa tumeweka akiba ya kujengea tangi la maji ya mvua. Wanaoishi vilimani wanajua maana yake. Wakati wa mvua maji huteremka kutoka kwenye bati kama mto na kupotea migombani, na kiangazi mama na watoto hushuka bondeni kwenye chemchemi na kupanda tena na madumu kichwani. Akiba ile ilitokana na kahawa ya misimu miwili, na aliyeipalilia kahawa hiyo zaidi yangu ni mke wangu.

Nilichukua sehemu ya akiba hiyo bila kumwambia. Nilijiambia kuwa nimekopa. Niliagiza silinda na pistoni mpya kutoka kwa muuza spea wa mji mmoja wa mbali. Mzigo ulipofika kwa basi niliufungua kwa furaha ya mtoto siku ya Idi, nikajaribu kutia pistoni mahali pake, ikacheza kama mchi katika kinu. Pistoni ya 404 ina upana wa milimita 84. Nilizoletewa zilikuwa za 80, yaani za kaka yake, Peugeot 403. Muuzaji alikataa kurudisha fedha, akisema nilisema "Peugeot ya zamani" na ya zamani ndiyo aliyonipa. Nilimlaumu sana, ila mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi, niliyeagiza bila kupima.

Juma lililofuata fundi mwashi alikuja kudai malipo ya awali ya tangi. Mke wangu aliingia ndani kuchukua fedha, akatoka mikono mitupu. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye baraza akaniuliza, "Mwalimu, fedha ya maji iko wapi?" Nami nilinyosha kidole kuelekea bandani, kwa kuwa sikuwa na maneno.

Binti yetu mdogo alikuwa ndiyo kwanza anatua dumu lake kutoka chemchemi. Alimtazama mama yake, akalitazama gari, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Baba, likipona, litatuchotea maji?"

Ndugu msomaji, nimefundisha watoto kwa miaka mingi, lakini swali hilo sikuweza kulijibu.

Jioni ile tulikaa kikao, sote wa nyumbani. Mke wangu hakutaka gari liuzwe. Hilo lilinishangaza. Alisema naye alipandishwa gari hilohilo siku ya arusi yake, tena alilipanda kwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Lakini alitoa masharti matatu. Kwanza, hapana spana itakayoshikwa mpaka tangi liishe. Pili, gari litakuwa na kibubu chake peke yake, kitakachotoka katika mauzo ya maparachichi na si katika kahawa, ada ya shule wala chakula. Tatu, kila shilingi itaandikwa katika daftari, na daftari atalishika yeye. Wahenga walikwisha kusema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Basi kwa miezi sita banda lilifungwa. Tangi likajengwa, nami nilibeba mawe na mchanga kwa mikono yangu, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yangu. Mvua za vuli ziliponyesha, tangi likajaa hadi likafurika. Hapo ndipo mke wangu alipolileta daftari mezani, akaandika ukurasa wa kwanza "GARI", akaniambia, "Sasa anza."

Niliyojifunza tangu siku ile nayaweka hapa kwa faida ya mwenye gari bovu uani.

Jambo la kwanza ni kutazama kabla ya kufungua. 404 haina chesisi kama lori, bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kwa hiyo kutu ya boneti ni aibu tu, lakini kutu ya sakafu na ya mihimili iliyo chini ya milango ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Chukua bisbisi, gongagonga chini kote. Inapozama, weka alama kwa chaki. Ukikuta uti umeliwa wote, usidanganywe na rangi nzuri ya juu, liache. Letu lilikuwa na matundu manne, kwa kuwa banda la baba halikuvuja.

La pili ni kuweka kumbukumbu. Kila kinachofunguliwa kiandikwe, na ikiwezekana kipigwe picha kwa simu kabla hakijatolewa. Nati na bolti za sehemu moja zikae katika kopo moja, zikiwa na karatasi yenye jina. Kwetu kazi hiyo ilikabidhiwa binti mdogo, na makopo ya maziwa na ya chai yalipata kazi mpya. Hadi leo hajapoteza hata waya mmoja.

La tatu ni usalama. Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, weka magogo imara pande zote mbili. Kabla ya kuchomelea ondoa betri, na tangi la petroli litolewe lipelekwe mbali, kwani tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Watoto wakae mbali na asidi ya betri na cheche.

La nne ni kutoilazimisha injini iliyolala. Injini ya miaka thelathini na zaidi ukiitia betri na kuipiga stata, unaweza kuvunja ringi kwa sekunde moja. Sisi tulitoa plagi, tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila silinda, tukaiacha siku kumi. Kisha tulitumia hendeli. Wafaransa walioitengeneza 404 mwaka 1960 hawakuwa na imani kubwa mno na betri, wakaacha tundu la kuizungushia kwa mkono. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Siku ya kumi na moja hendeli ilisogea upana wa kidole.

Hapa injini yenyewe inastahili kusifiwa, maana ndiyo inayoifanya kazi hii iwezekane kijijini. Ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 1,618, nayo imelazwa upande nyuzi 45 ili boneti lisiwe juu sana. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja katika bloku. Ni mabomba yanayochomoka, yaliyozungukwa na maji ya kupoza. Zikichakaa, hulazimiki kuisafirisha bloku kwenda kuchongwa kwenye mashine huko Mwanza. Unachomoa za kale na kuingiza mpya pamoja na pistoni zake, hapohapo bandani, mradi umezipima. Nilipima mara tatu.

La tano ni kuzijua tabia za gari lako. Katika difu ya 404 parafujo ya chuma huzungusha gurudumu la meno la shaba. Hufanya kazi kimya kabisa, lakini ziko oili za gia zenye dawa iliyokusudiwa meno ya chuma, na dawa hiyo hula shaba. Usimimine oili kwa sababu tu jirani kakupa bure. Uliza kwanza, soma kopo.

La sita ni breki kabla ya mwendo. Kila mtu hutaka kuusikia mlio wa injini kwanza, lakini mipira ya breki iliyokaa miaka mingi huwa imepasuka ndani, ingawa nje inang'aa. Badilisha mipira na mabomba ya breki, safisha tangi la petroli, tupa tairi za kale hata kama bado zina meno, kisha ndipo uwashe. Gari lisilowaka halijaua mtu. Gari lisilosimama limeua wengi, na vilima vyetu havisamehi.

La saba ni la sheria. Kadi ya gari itafutwe mapema, na kama mwenyewe amefariki, jambo la mirathi limalizwe na ndugu wote kabla hujanunua hata plagi moja. Nilikuwa karibu kulisahau hili. Dada yangu mkubwa aliyeolewa Kyerwa alinikumbusha kwa upole kwamba baba hakuwa baba yangu peke yangu. Tulikaa, tukakubaliana na kutia sahihi. Kama tungengoja mpaka gari ling'ae, yamkini makubaliano yasingekuwa mepesi hivyo.

Utauliza, je, limekwisha? La hasha. Rangi bado, viti bado, na kioo kimoja cha mlango tumeweka ubao. Daftari linaonyesha kuwa mpaka sasa tumetumia fedha nyingi kuliko bei aliyonitajia yule kijana wa vyuma chakavu, na hata likiuzwa kesho fedha yote haitarudi. Atakayekuambia kuwa kufufua gari la kale ni njia ya kutajirika anakudanganya. Ni burudani, na burudani hulipiwa. Kinachotakiwa ni kwamba anayelipa awe amekubali, na asiyekubali asilipishwe kwa siri.

Lakini mwezi uliopita, jioni moja baada ya mvua, jirani dereva wa malori alishika hendeli, kijana wangu akaketi kwenye usukani, binti mdogo akasimama na daftari la mama yake kama karani wa mashindano. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, moshi. Mara ya tatu injini ilikohoa, ikasita, ikashika. Kuku walitawanyika migombani. Dada yangu, aliyekuwa amekuja kutusalimu, alifunika uso kwa kanga, kwani sauti ile alikuwa akiisikia kutoka ng'ambo ya kilima tangu akiwa msichana, na ilipokuwa ikisikika alijua kuwa baba amerudi.

Tuliiacha inguruma dakika kumi. Kisha kipimo cha joto kilipanda, nikazima, nikasema rejeta inahitaji kuongezwa maji. Binti mdogo alichukua dumu, akaenda hatua ishirini hadi kwenye tangi, akafungua bomba, akarudi nalo limejaa.

"Kumbe," alisema, "ni sisi tunaolichotea."

Mama yake akaandika katika daftari: maji, lita tano, bure.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwenye gari uani, kabla hujanunua spana nunua daftari, na kabla hujafungua boneti fungua mazungumzo na wa nyumbani mwako. Nawe mama unayelitazama gari hilo kwa hasira, usikimbilie kumwita mwenye mizani. Weka masharti yako, shika daftari, halafu umwache afanye kazi.

Kwaherini hadi Jumapili ijayo.